Mlinzi wa Bahari ni Mwanakijiji wa Pwani

Kwa miaka mingi, kila inapozungumzwa habari ya kuhifadhi bahari, fikra za wengi wetu maofisini hukimbilia boti ya doria, askari na bunduki. Boti ikipatikana, hudhaniwa kuwa bahari imelindwa. Boti ikiharibika au mafuta yakiisha, hudhaniwa kuwa hakuna jambo linaloweza kufanyika. Fikra hizo ni za makosa, na zimeligharimu taifa. Pwani ya Tanzania Bara peke yake ina urefu wa kilomita zipatazo 1,424, bila kuhesabu Unguja na Pemba. Hakuna idadi ya boti itakayoweza kukaa juu ya kila mwamba, mbele ya kila mlango wa mto na kando ya kila msitu wa mikoko, usiku na mchana, kaskazi na kusi. Mtu anayeweza kuwa hapo wakati wote ni mmoja tu, naye ni mwanakijiji anayeishi hapo.

Jambo hilo si geni. Sheria zetu zimekwisha kulitambua, na vijiji kadhaa vimekwisha kulithibitisha kwa vitendo. Lililobaki ni kuliamini. Tunasema kuliamini kwa sababu mara nyingi tumewakabidhi wananchi wa pwani kazi ya ulinzi huku tukiyazuia madaraka yanayokwenda na kazi hiyo, na mapato yanayotokana nayo. Kumpa mtu kazi ya kulinda bila madaraka ni kumfanya tarishi. Kumpa kazi hiyo bila kumshirikisha katika mapato ni kumfanya mlinzi asiye na ujira, naye hatadumu.

Kwanza tuelewane juu ya mali yenyewe inayozungumzwa. Mikoko, nyasi za baharini na matumbawe ni vitu vitatu vyenye uhai mmoja. Mikoko huzuia tope linalotoka bara lisiyafunike matumbawe, hushika udongo wa ufukwe usiliwe na mawimbi, na katikati ya mizizi yake kamba na samaki wengi hulelewa wakiwa wadogo. Nyasi za baharini ni malisho ya kasa na nguva, na maficho ya tasi na changu wachanga. Matumbawe huvunja nguvu ya mawimbi makubwa kabla hayajafika kijijini, na ndiyo makazi ya samaki wanaopikwa katika nyumba nyingi kutoka Moa hadi Msimbati. Anayekata mikoko ovyo leo anampunguzia mvuvi kitoweo kesho, hata kama mvuvi huyo yuko mbali na hajapata kumwona mkataji.

Adui mkubwa wa mali hiyo katika nchi yetu amekuwa baruti. Uvuvi wa kulipua ulikwisha kuonekana katika pwani yetu tangu miaka ya 1960, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliukataza. Hata hivyo uliendelea. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga bila kuchagua. Wengi wao huzama chini wasiokotwe na yeyote, na tumbawe lililochukua makumi ya miaka kukua huwa kifusi katika nukta moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vikosi vya wanamaji viliposhirikishwa katika msako, milipuko ilipungua sana. Msako ulipokwisha, ilirudi tena. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti waliopita pwani yote wakiwa na vyombo vya kusikilizia chini ya maji walihesabu milipuko 318 katika siku 31, na zaidi ya nusu yake ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Sehemu iliyo karibu kabisa na ofisi, polisi na mahakama ndiyo iliyolipuliwa kuliko zote.

Baadaye vyombo mbalimbali vya Serikali viliunganisha nguvu, vikafuatilia njia za baruti yenyewe badala ya kumvizia mvuvi baharini tu, na milipuko ikapungua sana baada ya mwaka 2016. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini historia ya miaka zaidi ya hamsini inatufundisha kuwa msako unaweza kuuzima moto, ila hauwezi kulilinda jiko. Dola ina uwezo wa kuzuia baruti isitoke migodini na madukani. Kumjua kijana aliyelala maskini na kuamka na fedha, kuijua ngalawa inayotoka usiku bila nyavu wala mshipi, kumjua mchuuzi anayenunua samaki laini waliovunjika mifupa bila kuuliza walikotoka: hayo ni maarifa ya kijiji, na hayapatikani katika jalada la ofisi yoyote.

Ushahidi wa maneno haya tunao. Katika Mkoa wa Tanga, tangu mwaka 1994 hadi mwaka 2007, uliendeshwa mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani. Katika mpango huo vijiji kama Kigombe na Kipumbwi havikuletewa amri iliyokwisha kuandikwa. Wananchi walikaa, wakayataja wenyewe matatizo yao, wakachora ramani za miamba yao kwa majina wanayoyajua wao, wakakubaliana miamba ipi ifungwe, zana zipi zikatazwe na adhabu ziwe zipi. Vijiji vinavyotumia maji mamoja viliunganishwa katika eneo moja la usimamizi, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa kijiji. Wavuvi walikubali kufungiwa miamba kwa sababu waliifunga wao. Hilo ndilo fundisho la kwanza la Tanga. Fundisho la pili ni chungu. Mpango wenye tarehe ya kumalizika huacha pengo unapomalizika, na bila bajeti ya Halmashauri na bila mahakama kutoa adhabu inayouma, wananchi peke yao hawakuweza kuizuia baruti isirudi.

Fundisho jingine limetoka kwa mnyama mdogo, pweza. Pweza wetu wa mwambani huishi muda mfupi, yapata mwaka mmoja au zaidi kidogo, na katika muda huo hukua kwa kasi ya ajabu. Jike hutaga mara moja tu. Hukaa pangoni akiyalinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukipumzishwa kwa miezi michache, pweza aliyekuwa mdogo atakutwa ni mkubwa, na jike lililokuwa na mayai litakuwa limekwisha kuyaangua. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, kilijaribu kuufunga mwamba wake kwa njia hiyo. Jaribio lilipofaulu, habari zake zilivuka bahari. Hapa kwetu utaratibu huo umefuatwa katika vijiji vya Mafia, Songosongo, na Kisiwa Panza huko Pemba. Nao wavuvi wa Kuruwitu, katika Kilifi nchini Kenya, walikwisha kuchukua hatua kubwa zaidi mwaka 2005 kwa kulifunga moja kwa moja eneo la hekta zipatazo 30.

Namna ya kufunga mwamba ni rahisi kuieleza, lakini ni ngumu kuitekeleza. Kijiji huchagua sehemu ya mwamba, wala si mwamba wote, ili watu wabakiwe na mahali pa kupata riziki. Maboya hutiwa mipakani. Walinzi hupangwa kwa zamu. Muda wa kufunga, ambao mara nyingi ni miezi mitatu, huhesabiwa ili siku ya kufungua iangukie katika maji ya bamvua, mwamba unapokauka vizuri. Kabla ya siku hiyo wanunuzi huitwa, bei hujadiliwa mbele ya wote, na mizani huwekwa hadharani. Anayevunja tumbawe ili amtoe pweza huadhibiwa. Pweza aliye chini ya nusu kilo huachwa, maana kanuni za uvuvi za Tanzania Bara haziruhusu kumvua. Kisha sehemu ya mapato hutengwa kwa ajili ya doria na shughuli za kijiji.

Tunaomba watumishi wenzetu waliangalie jambo hilo kwa makini. Mwananchi ambaye watu husema hana elimu ya hifadhi anakubali kukaa miezi mitatu bila kugusa chakula anachokiona kwa macho yake, kwa ahadi kwamba atakipata kikiwa kingi zaidi. Huo ni uwekezaji, tena wa mtu maskini. Na ahadi ile ikivunjwa mara moja tu, mwamba hautafungwa tena. Mtu akija usiku mmoja kabla ya siku ya kufungua na kuiba pweza, asiadhibiwe. Au siku ya kufungua watu wa mahali pengine ambao hawakulinda wakavamia na kuzoa. Au fedha zilizotengwa zikapotea mikononi mwa wachache, basi kijiji kizima kitakuwa kimefundishwa kwamba uvumilivu ni ujinga.

Lipo pia suala la kina mama, ambalo katika taarifa nyingi hupewa mstari mmoja tu. Tangu zamani, mwamba unaokauka maji yanapokupwa ulikuwa shamba la wanawake. Huko walichokoa pweza, wakaokota chaza na kombe, kwa miguu yao na kijiti mkononi, bila chombo cha baharini wala mtaji. Pweza alipopata soko la viwanda vya kusafirisha nje, bei ilipanda, na wanaume wakaingia kwa miwani ya kuzamia katika maji yenye kina. Hapana ubaya katika hilo. Lakini mwamba wa karibu unapofungwa, anayefungiwa kwanza ni mama asiyekuwa na ngalawa ya kwenda mbali. Na unapofunguliwa, anayetangulia kufaidi ni mwenye miwani na mashine. Kijiji kinachofunga mwamba bila kuwasikiliza wanawake katika mkutano kinahifadhi bahari kwa gharama ya watu maskini zaidi kuliko wote. Kamati ya uvuvi ambayo mwanamke wake ni mmoja, naye ameteuliwa aandae chai, haistahili kuitwa kamati ya kijiji.

Sasa tuangalie nchi inawapa wananchi hao silaha gani. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi huviita BMU, na inaruhusu Serikali kufanya navyo makubaliano. Huko Zanzibar, zipo kamati za wavuvi za shehia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo katika karatasi, mlango uko wazi. Mashaka yetu yako katika safari ya karatasi yenyewe.

Sheria ndogo ya kijiji hutungwa na Halmashauri ya Kijiji na kupitishwa katika mkutano mkuu, lakini haipati nguvu mpaka iidhinishwe na Halmashauri ya Wilaya. Wananchi wanaweza kukutana mara tano, wakabishana mpaka usiku, wakapatana. Kisha karatasi yao inaingia katika jalada, jalada linaingia katika kabati, na kabati linasubiri kikao. Kikao kinaahirishwa. Mwanasheria amehamishwa. Ofisa uvuvi aliyeijua habari ile amekwenda masomoni. Mwaka unapita, na mwamba uliokusudiwa kupumzishwa unachokolewa kila bamvua. Mtumishi aliyeiweka ile karatasi chini ya nyingine hatasikia mlipuko wala kuona kifusi, na pengine ni mtu mwema anayeswali na kulea watoto wake vizuri. Lakini amesaidia kuuharibu mwamba ule kama aliyekwenda nao kwa mtaimbo. Hiyo ndiyo hujuma ya kimya, nayo tunaikemea.

Udhaifu wa pili uko katika kushughulikia kesi. Mlinzi wa kijiji hatoki na bunduki. Anatoka na tochi, simu na ujasiri. Anamkamata jirani yake, pengine mwana wa nduguye, akiwa na juya lililokatazwa au samaki wa baruti. Anampeleka kituoni. Baada ya siku mbili anamwona mtuhumiwa barazani akinywa kahawa na kumcheka. Pengine dhamana imetolewa kwa haki, maana dhamana ni haki kwa sheria. Lakini kama hakuna aliyekwenda kijijini kueleza hivyo, na kama shauri linaahirishwa mpaka mashahidi wanachoka nauli, mlinzi yule hatatoka tena usiku. Tunawaomba wanaohusika na kuendesha mashtaka na kutoa hukumu wakumbuke kuwa samaki mmoja wa baruti anayeletwa mbele yao kama kielelezo ana nyuma yake mwamba mzima usioweza kuletwa mahakamani.

Udhaifu wa tatu ni mapato. Leseni, ushuru wa samaki, ada za watalii wanaokuja kuzamia na faini zinazotozwa, vyote hivyo vina njia zake za kupita. Hatusemi kila senti ibaki kijijini. Nchi ni moja na mahitaji yake ni mengi. Lakini kikundi kinacholinda kikikosa hata mafuta ya mashine ya boti, wakati bahari inayolindwa inaingiza fedha kila siku, utaratibu huo una kasoro. Mgawo wa kijiji usiwe fadhila ya ofisa. Uandikwe, ujulikane, na ulipwe kwa wakati. Na huko kijijini nako hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Maneno hayo ya mwisho yanatufikisha kwa viongozi wa vijiji wenyewe. Tutakuwa wanafiki tukiwalaumu watumishi wa wilaya peke yao. Wapo viongozi wa vijiji na matawi wanaojua nani anavua kwa baruti, na hupelekewa kitoweo chao mlangoni. Wapo wanaopokea wageni wa dago, wakatia mfukoni ada ya kupiga kambi, na kuwaruhusu wakokote juya juu ya nyasi wanamozaliana samaki. Desturi ya zamani ilikuwa mgeni wa dago afike kwanza kwa wazee, ajulikane anakotoka, aelezwe mwiko wa mahali. Ilikuwa desturi ya heshima na ya ulinzi pia. Aliyeigeuza kuwa biashara yake binafsi hafai kuitwa kiongozi. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na katika buyu hili, wengine wamechovya kwa mkono mzima.

Kuhusu mikoko, hali inafanana. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu kwenda Arabuni na Ghuba, na nyumba za huko zikaezekwa kwa miti ya huku. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulioshikamana ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa lilitambuliwa rasmi kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 1987 ukataji ulipigwa marufuku, na mwaka 1991 ukatengenezwa mpango wa usimamizi. Hata hivyo miti imeendelea kuanguka kwa ajili ya mashamba ya mpunga, kuni za kuchemshia chumvi na kuchomea chokaa, na boriti za mijini. Mikoko ni msitu wa hifadhi wa Serikali. Mwananchi anayeishi ndani yake huambiwa ashiriki kuutunza, lakini akiuliza atapata sehemu gani ya mapato yake, jibu huchelewa mno. Tusishangae basi akikitazama kila mkoko kama mali ya ofisi, na mali ya ofisi, kama tujuavyo, huibwa bila aibu.

Jirani zetu wa Gazi, katika Kwale nchini Kenya, wameonyesha njia. Tangu mwaka 2013, kwa mradi wanaouita Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza huko nje hesabu ya hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu huo. Fedha zinazopatikana wananchi wenyewe huzipangia kazi, zikiwamo za maji na shule. Mtoto anayekunywa maji ya bomba lililolipiwa na mkoko hahitaji kuambiwa mara ya pili kwamba mkoko una faida. Hatusemi tuige kila jambo. Biashara hiyo ya hewa ina mitego yake, na vijiji vyetu visisaini mkataba wasioelewa lugha yake. Tunasema kanuni iliyoko ndani yake ni sahihi, nayo ni kwamba anayelinda ale.

Hapana budi tuwajibu wale wanaosema kwamba kazi hii ingefaa iachwe kwa hifadhi za Serikali. Hifadhi hizo zina nafasi yake. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilitungwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye eneo la kilomita za mraba 822, ikawa ya kwanza nchini. Zikafuata ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na ya Silikanti huko Tanga mwaka 2009. Watu wanaishi ndani ya hifadhi hizo, wanavua humo na kuzikwa humo. Kila mahali waliposhirikishwa mapema, ulinzi umekuwa mwepesi. Kila mahali walipohisi kwamba mstari umechorwa juu ya maisha yao bila wao, hayakukosekana malalamiko, na malalamiko yakazaa ukaidi. Kwa hiyo hata hifadhi ya Serikali haiwezi kusimama bila mguu wa kijiji.

Dola nayo ina kazi zake ambazo kijiji hakiwezi kuzifanya. Mwezi Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika bahari kuu yetu ikivua bila kibali, na samaki wake wakapata umaarufu kwa jina la samaki wa Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo. Hakuna ngalawa ya kijiji ingeweza kuikamata meli ile. Hiyo ilikuwa kazi ya Serikali, na ilipofanywa mvuvi mdogo alifurahi, kwa kuwa aliona kwamba sheria haimkabi yeye peke yake. Mgawanyo wa kazi basi uko wazi. Bahari kuu, njia za baruti, mahakama na mikataba ni kazi ya dola. Mwamba, mlango wa mto, ufukwe na mikoko ni kazi ya kijiji kikiwa na dola nyuma yake.

Haraka inahitajika, kwa sababu yako madhara ambayo kijiji hakiwezi kuyafungia mlango. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu, yakiwamo ya Mafia, yalipauka na kufa. Joto hilo limerudi tena katika miaka iliyofuata, ukiwamo mwaka 2016. Hatuna mamlaka juu ya moshi wa viwanda vya ng'ambo, ingawa tuna haki ya kuulalamikia. Lakini mwamba usiopigwa baruti wala kukokotwa juya hupona upesi zaidi baada ya maradhi hayo, kama mtu aliyeshiba anavyopona homa kabla ya mwenye njaa. Kila mwamba tunaouokoa leo na mikono yetu unapewa nafasi ya kuivumilia joto ya kesho.

Tanzania haihitaji kubuni siasa mpya kwa ajili ya jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiweka ardhi, misitu na maji miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwataka viongozi wawashirikishe wananchi katika kupanga na kuamua mambo ya maendeleo yao, wala wasiwaamulie. Miaka mingi imepita na mengi yamebadilika, lakini fikra hizo mbili zikiunganishwa juu ya mwamba wa Songosongo au mkoko wa Rufiji, bado zina maana ileile. Mali ni ya umma, na umma ule ulio karibu nayo ndio uanze kuamua namna ya kuitunza.

Kwa hiyo tunatoa mwito. Maofisa wa Halmashauri za Wilaya zote za pwani wafungue makabati yao, wazitoe sheria ndogo za vijiji zinazosubiri, na wazipeleke kikaoni zikapate jibu. Kama zina kasoro, wanakijiji waelezwe kasoro hizo kwa maandishi wazisahihishe. Ofisa uvuvi ahudhurie siku ya kufungua mwamba pamoja na polisi wa kata, ili anayelinda aone kwamba halindi peke yake. Watunza hazina watangaze mgawo wa vikundi vya ulinzi hadharani, kwenye mbao za matangazo vijijini. Viongozi wa Chama katika matawi ya pwani wajiulize kwanza wanakula samaki wa namna gani.

Walimu nao tunawakumbusha kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Shule nyingi za pwani ziko mwendo wa dakika chache kutoka ufukweni, lakini mtoto hufundishwa juu ya misitu ya mbali kabla hajaambiwa tofauti ya mkoko, mchu, mkandaa na mlilana iliyoko nyuma ya darasa lake. Mwalimu aliyetoka bara asione haya kuwaalika wazee na kina mama wa kijiji waje kuwafundisha wanafunzi majina ya miamba, majira ya samaki na hesabu ya bamvua na maji mafu. Elimu hiyo isipoandikwa sasa, itazikwa pamoja na wenyewe. Na mtoto aliyekwisha kupima pweza kwa mizani siku ya kufungua mwamba, akaandika uzito wake katika daftari, hatadanganywa akiwa mtu mzima.

Kwa bamvua chache mfululizo, wananchi katika vijiji vinavyofunga miamba hukaa ufukweni wakiutazama mwamba wao bila kuugusa. Wamefanya sehemu yao, tena ile iliyo ngumu. Sehemu iliyobaki iko juu ya meza zetu, nayo inahitaji saini, nauli na uaminifu. Isicheleweshwe.